Shangazi, nimemdanganya mume wangu kuwa nilianguka ngazini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 31, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa, naishi Ilomba hapa Mbeya. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mwanjelwa, nashona sare za shule na vitenge. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi. Akikwama kwenye foleni ya Tunduma anaweza kumaliza wiki tatu hajakanyaga nyumbani. Ni mtu mzuri, sina ugomvi naye. Mwenye shida ni mimi.

Zamani nilicheza netiboli, tena si kwa kubahatisha. Nilikuwa senta, nikafika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na timu ya mkoa. Nilipomaliza kidato cha nne niliendelea na timu ya mtaani mpaka nikapata mimba. Baada ya kujifungua hakuna aliyenikataza kurudi uwanjani, ila hakuna aliyeniuliza tena. Jezi zangu nimezikata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani.

Mwaka jana mume wangu alimnunulia mtoto skeiti za mtumba pale Kabwe, zile za matairi manne kwenye mstari mmoja. Zilikuwa kubwa mno kwake. Mimi zilinienea. Jioni moja nikazivaa humo ndani, nikawa nashika ukuta kutoka jikoni hadi sebuleni. Shangazi, sijui nikuelezeje. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kuna uwanja wa basketi wa shule moja ambako vijana hukusanyika saa kumi na moja jioni. Mwanzoni nilikuwa nampeleka mtoto akatazame. Wale vijana hawazunguki tu. Wanaruka, wanapanda ukingo wa jukwaa la saruji, wanateleza juu yake kwa upande wa kiatu, wanashuka kinyumenyume. Wenyewe wanaita kuslaidi. Ukingo wanausugua mshumaa ili kiatu kisikwame. Nikawaomba wanifundishe, wakadhani natania. Sasa wananiita Maza Senta.

Miezi miwili mambo yalienda vizuri. Kisha dada mmoja tunayeimba naye kwaya akapita, akaniona nimevaa traksuti ya mume wangu nimekaa chini kwenye saruji, vijana wananinyanyua. Siku ya tatu mama mkwe akapiga simu: "Nasikia siku hizi unacheza na watoto wa kiume?" Nikamwambia nilikwenda kumfuata mjukuu wake. Tangu hapo uwanjani siendi. Nafanyia mazoezi kwenye kichochoro nyuma ya maghala, giza likianza kuingia, mwanangu ananimulikia kwa tochi ya simu. Vile vikinga magoti na viganja nilivyokuwa naazima kwa vijana sina tena, na kununua vyangu naogopa, nitavificha wapi?

Wiki tatu zilizopita nilijaribu kupanda ukingo wa mtaro. Tairi likagonga, nikaenda chali, mkono wa kulia ukatangulia. Ulivimba kama andazi. Mume wangu alipopiga simu nikamwambia nimeteleza kwenye ngazi nikiwa na mzigo wa vitambaa. Akasema pole sana mke wangu, akanitumia elfu thelathini ya dawa. Sijaigusa. Inaniuma kuliko mkono. Jirani alinikanda kwa maji ya moto, uvimbe ukaisha, ila nikishika mkasi nasikia maumivu chini ya dole gumba. Mwanangu nimemwambia asimwambie baba yake.

Sasa kijana mmoja anauza skeiti zenyewe za kuslaidia, namba 39, laki moja na nusu. Nina laki nne nilizokuwa nadunduliza ninunue mashine ya ovaloki. Mume wangu anarudi mwisho wa mwezi huu. Niache? Nimeshapitwa na umri? Nimwambie? Na je, mwili uliozoea netiboli unaweza kugeuka? Maana kila nilichofundishwa kule, huku kinaniangusha.

Senta wa Zamani, Mbeya

*

Marahaba mwanangu Senta,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: chini ya dole gumba. Tuanzie hapo, mume na mama mkwe watasubiri. Inua dole gumba la mkono wa kulia kama mtu anayesema "safi". Pale linapoanzia, karibu na kifundo cha mkono, patatokea kishimo kidogo kati ya kano mbili. Kibonyeze kwa kidole cha mkono mwingine. Ukishtuka kwa maumivu, wiki tatu baada ya kuanguka, hapo maji ya moto hayana kazi tena. Ndani ya kishimo hicho kuna kifupa kinaitwa skafoidi, umbo lake kama korosho, na mtu akianguka akatanguliza kiganja mara nyingi ndicho kinachoumia. Kina ujanja wake. Uvimbe huisha, mtu anarudi kazini, na hata eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote, ndiyo maana madaktari hurudia picha baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Damu inakifikia kwa shida, kwa hiyo kikipuuzwa kinaweza kisiunge kabisa, na maumivu yakakaa miaka.

Inawezekana ni mteguko mdogo tu, mimi si daktari na mkono wako sijauona. Lakini wewe unakula kwa mkasi. Nenda hospitali wiki hii, na huko usipeleke habari ya ngazi. Sema ulianguka chali ukiwa kwenye matairi, mkono umenyooka, kwa sababu jinsi ulivyoanguka ndiyo inayomwambia daktari atafute wapi. Ile elfu thelathini ilitumwa kwa kazi hii hii. Itumie.

Haya, sasa mengine.

Nikikuelewa vizuri, unaona una mambo mawili yanayovutana: upande mmoja mchezo ulioupenda ghafla, upande mwingine nyumba yenye amani ambayo hutaki kuitia doa. Unaniuliza uachie upi. Mimi nilipofuatilia hadithi yako hatua kwa hatua nimeona kitu kingine. Ulipokuwa uwanjani, sakafu ilikuwa laini, mwanga upo, vikinga unaazima, na kulikuwa na vijana wa kukuambia "maza, kunja magoti". Miezi miwili hukuumia. Ulipoanza kujificha ulihamia kichochoroni, gizani, bila vikinga, na mwalimu wako akawa mtoto wa miaka tisa mwenye simu. Mkono umeumia huko. Hata hospitali hukwenda kwa ajili ya ile ngazi ya kutunga. Sisemi mchezo huu hauna hatari, unazo nyingi. Nasema nyingi ya zile zilizokufika zimetoka kwenye kujificha, na hizo hata ukinunua viatu vya laki tano zitakufuata.

Nilitaka kujua unazungumzia nini hasa, nikamwomba kijana wa jirani yangu hapa Kihesa, Iringa, aniletee viatu vyake. Akavigeuza juu ya meza yangu ya chakula (nilitandika gazeti kwanza). Ganda gumu, zito kuliko nilivyotegemea. Matairi madogo, hayafiki milimita 60, yale mawili ya katikati madogo zaidi na magumu kama mfupa. Kati yao fremu imechongwa mfereji, ukingo unaingia humo anapoteleza kiatu kikiwa kimekaa kwa upana. Pembeni ya soli kuna bamba la plastiki lililochubuka lote, jeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikamuuliza breki iko wapi. Akacheka. "Haina, mama. Breki ni mguu wa nyuma, unaukokota." Nikakisukuma kimoja kwenye sakafu ya ua wangu, ambayo ina nyufa. Kila ufa kilidunda na kutaka kulala.

Hicho kidundo fikiria kichochoroni kwako. Tairi likiwa dogo na gumu linateleza vizuri kwenye saruji iliyosakafiwa, ila kokoto moja tu inalisimamisha, na wewe unaendelea na safari. Zile skeiti za mtoto zina matairi makubwa kidogo, zinasamehe njia mbaya, lakini hazikutengenezwa kupanda ukingo. Kwa hiyo usiku ule ulikuwa na viatu visivyofaa kwa ukingo, na ukingo wenyewe haukufaa kwa yeyote. Usijihukumu uwezo wako kwa anguko hilo.

Swali lako la netiboli limenifurahisha, maana nami nilicheza, gadi, mbaya sana. Netiboli inamfundisha mtu kusimama. Umedaka, umetua, mguu uliotangulia ukiuinua huruhusiwi kuurudisha chini mpira ungali mkononi, na sekunde tatu tu uwe umeutoa. Miaka yote hiyo mwili wako umejifunza kwamba ukitua, unagandisha mguu. Kwenye matairi ukigandisha mguu unapinduka. Tena senta ananyoosha mkono kwa kila kitu, nao mkono ulionyooka ndio uliokuponza. Hayo mawili ni ya kuyasahau, na kusahau kunachukua muda kuliko kujifunza. Lakini kuna mengine umekuja nayo bure: magoti yako yanajua kukunja, unajua kutua kwa miguu miwili bila kishindo, na macho yako yamezoea kutazama mbele. Wanaoanza wengi wanatazama vidole vyao vya miguu.

Wanaoujua mchezo huu, anayetoka mchezo mwingine humrudisha kwenye kuanguka. Unavaa vikinga magoti vyenye kikombe cha plastiki, unakwenda polepole, unajiangusha kwa makusudi kwenye magoti na kuteleza juu yake, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mwili uache kutafuta ardhi kwa kiganja. Vikinga vya kiganja vina bamba gumu chini, ukigusa saruji mkono unateleza badala ya kukita. Najua wewe ni fundi na umeshaanza kuwaza kushona vyako. Kamba na mikanda shona, ila hiyo plastiki usiibadilishe na sponji. Kitambaa kinang'ang'ania saruji na nguvu yote inaishia kwenye kifundo. Na kofia ngumu, hiyo hatujadiliani.

Baada ya kuanguka ni kusimama. Baada ya kusimama ni kugeuka na kwenda kinyumenyume. Ukingo ni wa baadaye sana, nao unauanza ukiwa umesimama tu: unapanda, unahisi mfereji ulivyoushika, unashuka. Kilichokuangusha wewe, nadhani, ni woga wa kawaida kabisa. Mtu akiogopa anaegemea nyuma, miguu inatangulia, mgongo unabaki. Vijana hawakukuambia hivyo kwa sababu hukuwa nao.

Umri. Mwanangu, miaka 31! Ngoja nikueleze kitu. Hivi viatu vya mstari mmoja vilipata umaarufu kupitia ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Scott na Brennan Olson, wacheza hoki ya barafu. Mwaka 1980 walikuwa wanatafuta namna ya kufanya mazoezi wakati wa joto barafu inapoyeyuka. Yaani tangu mwanzo ni mchezo wa waliohamia. Mashindano ya X Games yalipoanza mwaka 1995 skeiti hizi zilikuwamo, na baadaye mwanamke wa Brazili, Fabiola da Silva, akawa anashindana na wanaume uso kwa uso. Sikuambii uwe yeye. Nakuambia yule dada wa kwaya hakuona jambo geni kama alivyodhani.

Umri ninaouhofia mimi ni wa kalenda. Desemba na Januari mji mzima unataka sare. Mkono ukifungwa hogo wiki sita au nane wakati huo, oda zinahamia kibanda cha pili, na mteja wa sare akihama harudi mpaka mwakani. Hapo ndipo ningependa ufanye hesabu kabla ya kumjibu huyo kijana wa namba 39.

Njia naziona kadhaa na kila moja ina gharama. Unaweza kuacha kabisa. Nyumba itatulia, ovaloki itanunuliwa. Ila umeshawahi kuacha mchezo mmoja bila mtu kukuuliza, na zile jezi zikaishia matambara, na katika barua nzima hapo ndipo nilipokusikia una uchungu kuliko hata kwenye mkono. Ukiacha safari hii, hakikisha ni wewe umeamua. Unaweza kubaki unazunguka tu, bila kupanda ukingo: furaha ile ya jikoni hadi sebuleni inabaki, hatari inapungua sana, ingawa haifiki sifuri. Lakini nawe utakuwa unawatazama vijana pembeni, na sijui moyo wako utavumilia kwa muda gani. Au uendelee na ukingo, taratibu, mkono ukishapona na daktari akiridhia, baada ya msimu wa sare, uwanjani, mchana. Hapo laki moja na nusu inaondoka na ovaloki inasogea mbele. Ukifika kununua, vivae dakika ishirini na ukunje magoti: kisigino kikiinuka ndani, viache hata akipunguza bei.

Kuhusu mume wako, umeniandikia kwamba ni mtu mzuri, kisha ukaandika kurasa mbili za kumwogopa. Nimejiuliza unamwogopa yeye au simu ya mama yake. Je, amewahi kukukataza kitu kama hiki, au wewe ndiye uliyemkatalia kwa niaba yake? Sina jibu, wewe unaishi naye. Ukimweleza, huenda akakasirika, na nadhani hasira itakuwa ya ngazi zaidi kuliko ya skeiti. Usipomweleza, kuna kwaya nzima na kundi la vijana wanaokuita Maza Senta. Mbeya si kubwa hivyo. Kuisikia kwa mwingine baada ya kukutumia pesa ya dawa kutamuuma kwa namna ambayo ni vigumu kuifuta.

Ukiamua kusema, mkumbuke kazi yake. Huyu ni mtu anayeshusha lori Kitonga na mteremko wa Iwambi na mzigo mgongoni. Maisha yake yote ni breki. Nina hakika swali lake la kwanza litakuwa lile nililouliza mimi mezani kwangu. Usianze na mambo ya furaha na ujana, anza na hilo: mwonyeshe unavyosimama. Kama bado hujui kusimama vizuri, basi umeshapata jibu la nini cha kufanyia mazoezi kwanza, na pengine yeye ndiye atakayekuwa amesimama pembeni akihesabu mita. Mama mkwe mwachie mwanawe. Maneno ya mama mtu hupokeleka vizuri yakijibiwa na mtoto wake.

Limebaki moja, nawe uliliandika kwa sentensi moja ukapita haraka. Mtoto. Baba yake anaporudi, yeye ndiye wa kwanza kukimbilia lori, na safari hii ana kitu mdomoni ambacho hakumeza wala hatemi. Tena usiku ule yeye ndiye alikuwa ameshika tochi. Alikumulikia ukaruka, ukaanguka. Kabla hujapanga la kumwambia baba yake, kaa na huyu mdogo, umuulize yeye aliona nini.

Shangazi